Zawadi kwa Nyumba ya Vitabu ya Watu Wote



Mwezi huu twataka kujibu swali ambalo waalimu na wazee wa nyumba hutuuliza mara kwa mara, nalo ni hili: Mtu aliye na vitabu, au fedha kidogo, au nafasi ya siku moja katika juma, naye apenda kuisaidia maktaba ya mji wake, afanyeje hata msaada wake uwe msaada kweli? Swali ni jema, maana laonyesha ya kuwa mwulizaji amekwisha kutambua jambo ambalo wengi hawalitambui, ya kwamba iko zawadi isaidiayo, na iko zawadi ilemeayo. Mtu akileta mzigo wa kuni mbichi jikoni, ameleta kuni kweli, lakini mpishi bado hana moto.

Basi kabla ya kutoa kitu chochote, twawashauri wasomaji wetu wajiulize maneno matatu. La kwanza, Je, maktaba yenyewe yahitaji nini? La pili, Baada ya sisi kutoa, nani atakitunza tulichotoa? La tatu, Mlango utakuwa wazi kwa nani? Maneno haya matatu tutayarudia katika kila njia tutakayoitaja, kwa kuwa zawadi ikikosa hata moja lake, huchechemea.

MAKTABA YA WATU WOTE

Kwanza tuelewane. Tusemapo maktaba ya watu wote hatusemi kabati ya vitabu ya shule, wala vitabu vya chama fulani. Ni nyumba ambayo mtu yeyote, mkulima au karani, mtoto au mzee, wa dini hii au ya ile, aweza kuingia, akaketi, akasoma, na akiisha kujiandikisha akachukua kitabu kwenda nacho kwake. Katika Tanganyika sheria ya kuweka maktaba za namna hii ilipitishwa mwaka wa 1963, na jengo la maktaba kuu katika Dar es Salaam lilifunguliwa na Mwalimu Julius Nyerere mwezi wa Desemba, 1967. Kenya nayo ilipitisha sheria yake mwaka wa 1965.

Maktaba hizi ni mali ya umma, na serikali ndiyo mlezi wake. Lakini mlezi huyo ana watoto wengi, hospitali na barabara na shule na visima, na chungu ni kimoja. Kwa hiyo twaona rafu zenye nafasi, na viti vilivyovunjika mguu, na watoto kadhaa wakingojeana kwa kitabu kimoja. Tena tusisahau ni nani aumiaye. Mtu mwenye fedha akikosa kitabu maktabani atakwenda dukani akakinunua. Lakini mtoto ambaye kwao hakuna taa wala meza, na jirani wanapiga kelele, hana mahali pengine pa kwenda. Huyo ndiye atakayepata faida ya zawadi yetu ikiwa njema, na huyo ndiye atakayepata hasara ikiwa mbaya.

NJIA YA KWANZA: KUTOA VITABU

Hii ndiyo njia inayomjia kila mtu akilini, nayo ndiyo yenye makosa mengi. Basi tutoe mfano mmoja wa zamani.

Mwaka wa 1778 watu wa mji mdogo katika Massachusetts, Marekani, waliuita mji wao Franklin kwa heshima ya Benjamin Franklin, mpiga chapa aliyekuwa mtu mkuu katika nchi ile. Baadaye wakafikiri ya kuwa mtu aliyepewa heshima ya jina hakosi kurudisha zawadi, wakamwomba kengele kwa ajili ya nyumba yao ya ibada. Franklin akawashauri waache gharama ya kujenga mnara, naye akawapa vitabu badala ya kengele. Watu wengi huisimulia habari hii kwa kicheko, kisha huishia hapo. Sisi twataka mtazame alivyofanya baadaye. Hakukusanya vitabu vilivyomchosha nyumbani mwake. Mwaka wa 1785 alimwandikia rafiki yake Richard Price, mtu wa elimu aliyekaa karibu na London, akamwomba achague vitabu vitakavyowafaa watu wa mahali kama pale. Vikafika vitabu 116. Ndipo watu wa mji wakaanza kubishana ni nani wenye haki ya kuviazima, na mwaka wa 1790 mkutano wa mji ukaamua viazimwe bure na wakazi wote. Vitabu vile vingali vimehifadhiwa mjini hata leo.

Tazameni, maneno yetu matatu yote yamo ndani ya habari hii. Aliyechagua alijua kazi ya kuchagua, mji ukakubali kutunza, na mlango ukafunguliwa kwa wote, ingawa neno hilo la mwisho halikuja bila mabishano.

Sasa tugeukie desturi zetu. Mtu akihama nyumba, au akifiwa na mzazi, hukuta masanduku ya vitabu chini ya kitanda. Havitaki, na kuvichoma aona haya, basi huvipeleka maktabani, akarudi nyumbani moyo mweupe. Lakini kitabu kifikacho maktabani hakikai bure. Mtunza maktaba hana budi kukikagua, kukiandika katika orodha, kukipiga mhuri, kukipa namba na kukitafutia mahali. Kama hakifai, amepoteza saa zake, kisha ana kazi ya pili ya kukitupa, tena kwa siri, ili mtoaji asione uchungu. Kitabu cha utabibu kilichopitwa na wakati chaweza kumdhuru msomaji mgonjwa. Kitabu cha sheria zilizokwisha kufutwa chaweza kumpotosha mwenye kesi. Kitabu cha masomo ya mtaala ulioachwa humfanya mtoto ajifunze yasiyoulizwa katika mtihani. Na kitabu chenye mchwa au ukungu hakiji peke yake, huja na ugonjwa wa kuambukiza rafu nzima.

Kwa hiyo fuateni kanuni hii: msitoe kitabu ambacho ninyi wenyewe msingependa mtoto wenu akisome. Tena, kabla ya kupeleka vitabu, pelekeni orodha. Andikeni majina ya vitabu katika karatasi, mmpe mtunza maktaba, naye aweke alama penye vile anavyovitaka. Asipotaka hata kimoja, msimkasirikie, maana amewaambia kweli, na kumwambia mtoaji kweli si kazi rahisi.

Hata wenye kutoa vitabu kwa wingi wamejifunza jambo hili. Mwaka wa 1954 Bibi Hermione Ranfurly, ambaye mumewe alikuwa gavana wa visiwa vya Bahama, na huko ameona jinsi watu walivyokosa vitabu, alianzisha kazi ya kukusanya vitabu Uingereza na kuvipeleka ng'ambo. Kazi ile siku hizi huitwa Book Aid International, na maktaba nyingi za Afrika zimepokea masanduku yake. Zamani walipeleka vitabu vilivyokwisha kutumika. Siku hizi hupeleka vitabu vipya wanavyopewa na wachapishaji, nao huwauliza wapokeaji ni vya namna gani vitakavyosomwa.

Lakini vitabu vya Kiswahili havitatoka Uingereza kwa wingi. Hivyo ni juu yetu sisi. Jamaa anunuaye kitabu kipya cha Kiswahili kwa wachapishaji wa nchi yetu na kukitoa kwa maktaba, amefanya kazi mbili kwa fedha moja: msomaji amepata kitabu, na mwandishi amepata riziki ya kuandika kingine.

NJIA YA PILI: KUIFUNGUA KABATI YAKO

Wako watu ambao wilayani mwao hamna maktaba. Je, hao wakae tu? Hapana. Wasikie habari ya mzee mmoja, Kanali James Anderson, aliyekaa Allegheny katika Marekani, upande wa Pittsburgh. Alikuwa na vitabu vipatavyo 400 nyumbani mwake, naye akawaruhusu vijana wafanyao kazi waje kila Jumamosi, kila mmoja aazime kimoja na kukirudisha Jumamosi ya pili.

Miongoni mwa vijana hao alikuwamo mtoto wa mfuma nguo, mgeni kutoka Skoti, jina lake Andrew Carnegie, ambaye alikuwa mpeleka barua za simu. Kijana huyo hakuwa na shilingi ya kununulia kitabu. Baadaye, mtunzaji wa vitabu vile alipotaka vijana wa namna yake walipe ada, Carnegie aliandika barua katika gazeti kuwatetea, na mlango ukafunguliwa tena. Alipokuwa tajiri wa chuma alikumbuka zile Jumamosi. Kati ya mwaka wa 1883 na mwaka wa 1929 fedha zake zilijenga maktaba 2,509 katika nchi nyingi, na katika hizo 1,679 zilikuwa Marekani kwenyewe.

Hatusemi kwamba kila mtoto aazimaye kitabu atakuwa tajiri. Watu wengi waliosoma vitabu vya Anderson majina yao hayajulikani, nao walipata faida vilevile. Twasema hivi: Anderson hakuwa na maktaba ya kujenga. Alikuwa na kabati, na siku moja katika juma, na daftari la kuandikia nani amechukua nini. Mwalimu mwenye vitabu 40 aweza kufanya hivyo mwezi huu huu. Na siku serikali itakapoleta maktaba wilayani, itakuta watu wamekwisha kuzoea kuazima na kurudisha.

NJIA YA TATU: KUTOA FEDHA

Wako wadhanio ya kuwa fedha ni zawadi ya matajiri, na mtu wa mshahara mdogo afadhali anyamaze. Wahenga walisema: Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Yule Franklin tuliyemtaja, alipokuwa kijana wa miaka 25, mwaka wa 1731, hakuwa na mali. Alikusanya watu 50 katika Philadelphia, wengi wao watu wa kazi na biashara ndogo, kila mmoja akatoa shilingi 40 kwanza, kisha shilingi 10 kila mwaka. Kwa fedha hizo wakaagiza vitabu ambavyo hata mmoja wao asingeweza kuvinunua peke yake. Maktaba ile ingaliko mpaka leo. Kasoro yake ni kwamba mwanzoni mwenye haki ya kuazima alikuwa yule aliyelipa. Lakini kwa habari ya kukusanya nguvu za wadogo, ni mfano mwema.

Fedha ina sifa ambayo kitabu hakina, nayo ni kwamba yaweza kugeuka kuwa kile kinachohitajiwa. Leo taa imekufa, kesho paa lavuja, kesho kutwa madarasa yametangaziwa kitabu kipya. Mtoaji wa vitabu hawezi kuyajua hayo yote, bali mtunza maktaba ayajua. Kwa sababu hiyo, mtu akitoa fedha asiifunge kwa kamba nyingi. Akisema, "Nunueni vitabu vya ushairi tu," huku mvua yaingia juu ya vitabu vya ushairi vilivyopo, hajasaidia ushairi.

Walakini, kutofunga si kutouliza. Mali bila daftari hupotea bila habari. Fedha ya maktaba ya umma haipewi mtu mkononi barabarani. Hupelekwa ofisini au benki kwa jina la maktaba au la halmashauri yake, na mtoaji hupewa stakabadhi. Aulize pia mwisho wa mwaka fedha imefanya nini. Mtunzaji mwaminifu hachukizwi na swali hilo. Hufurahi, kwa kuwa humwonyesha mkubwa wake ya kwamba wako watu wanaotazama.

NJIA YA NNE: KUJENGA

Hii ndiyo njia ya wenye mali au ya watu wengi pamoja, na ndani yake kuna mafundisho makubwa. Carnegie tuliyemtaja alikuwa na sharti. Mji ukitaka amjengee maktaba, kwanza utoe kiwanja, kisha uahidi kwa sheria kuweka kila mwaka sehemu ya kumi ya gharama ya jengo, kwa mishahara na vitabu na matengenezo. Miji mingine ilimkatalia kwa sababu ya sharti hilo. Lakini alikuwa ameona neno ambalo wengi hawalioni: siku ya kukata utepe kuna ngoma na hotuba, na kazi ya jengo huanza kesho yake asubuhi, hapo mtu atakapofagia. Basi jamaa wanaotaka kujenga chumba cha maktaba wasimalize fedha zote katika ukuta. Wahesabu kwanza: fundi, bati, rangi, mlinzi, taa, kila mwaka, na nani atalipa.

Jambo la pili katika kujenga ni mlango, na mfano wake hatuendi kuutafuta ng'ambo. Uko katika mji wa Nairobi.

Mwaka wa 1925 alifariki Bwana William Northrup McMillan, tajiri aliyezaliwa Marekani akawa mkaaji wa Kenya. Mkewe, Bibi Lucie, akajenga maktaba kwa ukumbusho wake, na fedha nyingine ikatoka kwa shirika lililoachwa na Carnegie. Jengo likafunguliwa mwaka wa 1931, jengo zuri la nguzo kubwa, na simba wawili wa mawe mbele ya mlango. Mwaka wa 1938 likatungiwa sheria yake lenyewe ya kulilinda. Ukitazama kwa macho tu, utasema zawadi hii ni kamili: jengo imara, vitabu vingi, sheria ya kulilinda. Lakini maktaba ile ilikuwa ya Wazungu peke yao hata mwaka wa 1958. Kwa muda wa miaka 27, Mwafrika wa Nairobi, mwenye kodi yake na cheti chake cha shule, alipita mbele ya wale simba na hakuruhusiwa kuingia kusoma. Karani aliyejua kusoma, na mwalimu aliyefundisha kusoma, wote walibaki nje.

Twasimulia haya si kwa kumshitaki mjane aliyetaka mumewe akumbukwe. Twayasimulia kwa kuwa zawadi iliyofungwa mlango haijawa zawadi kwa watu wote, hata ikiwa ya marumaru. Tena mlango haufungwi kwa rangi peke yake. Hufungwa kwa ada ambayo maskini hawezi kuilipa. Hufungwa kwa ngazi ambazo kilema hawezi kuzipanda. Hufungwa kwa saa za kufungua zilingapo na saa za kazi, hata mfanyakazi asipate nafasi kamwe. Hufungwa kwa jicho kali la bawabu amwonaye mtoto asiye na viatu. Mtoaji yeyote aulize habari za mlango kabla hajatoa tofali.

Habari ya maktaba ile haikuishia pabaya. Mwaka wa 1962 iliwekwa mikononi mwa baraza la mji. Baadaye ilichakaa, kama majengo yasiyo na fedha ya kutunzwa yachakaavyo. Kisha wanawake wawili wa Nairobi, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, walianzisha shirika liitwalo Book Bunk, na mwaka wa 2018 wakapatana na serikali ya kaunti kuirudishia uhai, pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Hawakuanza kwa jengo kubwa. Walianza kwa matawi yaliyo katika mitaa ya watu, wakawauliza wenyeji wa mitaa wapenda maktaba yao iweje. Twaona hapa lile swali letu la kwanza likiulizwa mahali pake.

NJIA YA TANO: VYOMBO NA KAZI YA MIKONO

Mtu asiye na vitabu wala fedha asiseme hana kitu. Kitabu hakimfikii msomaji kwa kuwapo tu, lazima kichukuliwe. Mwaka wa 1948 ilianzishwa ofisi ya serikali za Afrika Mashariki ya kutengeneza vitabu, nayo ilipeleka masanduku ya vitabu vijijini, na wakaao mbali ikawaazima kwa posta. Na huko Garissa, kaskazini-mashariki ya Kenya, ambako watu huhama na mifugo na motokaa hukwama mchangani, maktaba ya taifa ilianza mwaka wa 1996 kazi ya kupeleka vitabu kwa ngamia watatu. Ngamia huchukua masanduku ya vitabu, na hema, na mikeka ya wasomaji kuketi chini ya kivuli. Katika kazi kama hiyo, mtu aliyetoa mkeka ametoa sehemu ya maktaba.

Basi seremala aweza kutoa siku moja akaunganisha viti vilivyovunjika. Fundi cherehani aweza kushona mapazia, maana jua hula jalada za vitabu. Kina mama wa chama wanaweza kukutana mara moja kwa mwezi wakavika vitabu makaratasi magumu na kugundisha kurasa zilizochanika, kwa gundi atakayoichagua mtunza maktaba, kwa kuwa gundi isiyofaa huharibu zaidi. Mwalimu mstaafu aweza kuketi na watoto Jumamosi asubuhi akawasomea hadithi kwa sauti. Mwenye kujua hesabu za mikopo au kujaza karatasi za serikali aweza kukaa saa mbili akawasaidia wasiojua. Sharti ni moja tu: aliyeahidi Jumamosi aje Jumamosi. Mtoto aliyekuja mara mbili akakuta mlango umefungwa, mara ya tatu hatakuja.

NJIA YA SITA: MAKARATASI YA ZAMANI

Iko zawadi nyingine iliyo katika nyumba nyingi, na wenyewe hawaijui. Chini ya sanduku la babu zipo picha, barua, daftari la mkutano wa kijiji, au nakala za magazeti ya Kiswahili, kama Mambo Leo lililoanza kuchapwa Dar es Salaam mwaka wa 1923. Vitu hivi ndivyo pekee vinavyokwisha bila kuchapwa tena. Panya akiisha kuvila, habari zimekufa. Si kila maktaba ina mahali pa kuvihifadhi, basi aulizwe mtunza maktaba, naye ataonyesha kama vikae kwake au vipelekwe penye hifadhi ya nyaraka. Na msiandike kitu juu ya picha kwa kalamu ya wino. Andikeni majina ya watu na mwaka katika karatasi ya pembeni, wakati wazee wanaowajua wangali hai.

NJIA YA SABA: WASIA

Mwisho, wako watu wapendao kutoa baada ya kufa kwao. Jambo hili ni la heshima, lakini lataka akili. Samuel Tilden, aliyekuwa gavana wa New York, alifariki mwaka wa 1886, naye aliacha wasia kwamba sehemu kubwa ya mali yake iweke maktaba ya bure katika mji ule. Ndugu zake wakaenda mahakamani. Kesi ikachukua miaka, na mwaka wa 1891 wakashinda, kwa kuwa maneno ya wasia yalikuwa mapana mno, yakiwaachia wasimamizi kuamua wenyewe mali itumikeje. Kwa bahati ndugu mmoja wa kike alikuwa amekwisha kupatana na wasimamizi, na kwa njia hiyo dola zaidi ya milioni 2 zikaokoka. Mwaka wa 1895 fedha hizo ziliunganishwa na maktaba nyingine mbili, na hapo ndipo ilipotokea maktaba kubwa ya watu wote ya New York.

Watu wetu wengi hawana mamilioni. Lakini mwenye shamba la minazi au chumba cha kupangisha, au vitabu vyake tu, akitaka viende maktabani, afanye mambo mawili. Aandike waziwazi mbele ya wakili: kitu gani, maktaba ipi kwa jina lake kamili, na kwa kazi gani. Tena awaambie watoto wake angali na nguvu. Wasia usomwao kwa mara ya kwanza matangani huleta ugomvi, na maktaba haipendi kupokea zawadi iliyoacha nyumba imegawanyika. Wala asiwanyime wanawe haki yao ili jina lake liandikwe ukutani.

JINSI YA KUANZA NYUMBANI

Sasa, ndugu zetu, msifunge ukurasa huu mkaona ni habari za watu wakubwa. Kila nyumba yaweza kuanza hivi. Juma hili, baba au mama amchukue mtoto, waende maktaba iliyo karibu, si kutoa, bali kusoma. Waketi. Waone taa, viti, rafu za watoto. Wajiandikishe, maana msomaji aliyeandikwa ni zawadi pia. Mtunza maktaba akiomba fedha kwa wakubwa wake, jambo la kwanza aulizwalo ni idadi ya wasomaji. Kisha wamwulize kwa upole, "Je, mwaka huu mmepungukiwa na kitu gani zaidi?" Wamsikilize mpaka amalize. Atakapotaja kitu, hicho ndicho cha kutoa, hata kikiwa ufagio.

Kwa waalimu twaongeza neno. Msiwatume watoto kuchanga fedha bila wazazi kujua, wala msisome mbele ya darasa majina ya waliotoa na wasiotoa. Afadhali darasa zima lishike kazi moja, kama kutunza rafu ya watoto kwa mwaka mmoja, kuipanga na kuifuta vumbi kila juma. Mtoto aliyefuta vumbi la kitabu hatakichana.

Na habari ya jina la mtoaji, twasema hivi. Kuandika jina katika ukurasa wa kwanza wa kitabu si dhambi, na huwafurahisha watoto wake. Lakini asitake kuandikwa juu ya mlango kwa zawadi ya dirisha. Yule mji mdogo wa Marekani waliomba kengele ambayo kila mtu angeisikia. Walichopewa ni vitabu 116 ambavyo havina sauti mpaka mtu avifungue, navyo vingalipo.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutaandika habari za kutunza vitabu nyumbani visiliwe na mchwa wala unyevu wa masika. Wenye maarifa ya jambo hilo watuandikie mapema.